Mama Justina na Daftari la Funguo

Tarehe 30 Juni 1988 Bi. Paskazia Ngassa, ambaye sote tunamwita Mama Justina, anastaafu baada ya miaka ishirini na minne katika masjala ya kambi yetu hapa Shinyanga.

Alianza na faili za viatu na mablanketi. Mwaka 1974 tulipofungiwa mtambo wa kupokea picha za mawingu kutoka setilaiti, sisi wanajeshi tulizirundika ovyo, nyingine tukafungia maandazi. Mama Justina alikomesha upuuzi huo. Kila picha aliipa namba, saa ya kupokelewa na jina la aliyeiona. Aliyeondoka nayo bila kusaini alifuatwa hadi bwaloni, awe na cheo gani.

Machi 1979, wakati wa vita, iliingia picha yenye wingu zito juu ya Kishapu. Kwa amri ya siku zile picha zote zilikuwa siri. Fundi wa mtambo aliitumbukiza kupitia tundu la sanduku la chuma lililofungwa, na ufunguo ulikuwa mmoja tu. Asubuhi dereva Shaaban alipita dirishani, akaamkia, akauliza kama kuna mvua mbele. Mama Justina, ambaye hakuwa ameiona picha ile, alimwambia hajui. Jioni mto ulisomba lori lake, naye na askari wawili wakafa.

Uchunguzi ukasema masjala ilichelewesha picha. Mama Justina akapewa onyo la maandishi na hakupandishwa cheo tena. Hata hivyo alihangaika mpaka amri ikabadilishwa, na tangu hapo picha za mvua hubandikwa getini, madereva wazione. Hatujapoteza gari mtoni tena.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, mimi Kapteni Eustace, ofisa mawasiliano. Nilikuwa Geita, harusini kwa ndugu yangu. Nilinyamaza, na ninaona aibu.

Wiki iliyopita, akikabidhi ofisi, alinifunulia daftari la funguo. Sahihi yangu ipo: umetoka Ijumaa, umerudi Jumatatu. Wachunguzi hawakuliulizia. Nilimuuliza kwa nini hakulionyesha.

“Nilijua utasema mwenyewe, afande,” alijibu. “Nikakungoja.”

Ukurasa huo nimeupeleka kwa mkuu wa kambi pamoja na barua yangu, onyo liondolewe kwenye faili lake.

Mama Justina, asante kwa kazi yako. Nenda Ushirombo ukapumzike, tunakuombea afya na wajukuu wengi. Msamaha ninaokuomba umechelewa miaka tisa. Uandikie saa ya kupokelewa.