Gitaa la Kulwa Lilipogoma

Jumapili ile, watu walipotoka misa, benchi la Hildegarda muuza kahawa, karibu na stesheni ya Kilosa, lilijaa mapema kuliko kawaida. Lilikuwa ubao tu uliolazwa juu ya mataruma mawili ya zamani ya reli, na mbele yake jiko la mkaa, birika na sinia la kashata. Miaka ile ya biashara huria hapakukosekana la kubishania pale: leo mitumba, kesho redio za Dubai, kesho kutwa watu wa reli waliopunguzwa kazi. Lakini asubuhi hiyo hoja ilikuwa moja: kwa nini gitaa la Kulwa liligoma jana yake kwenye dansi la mavuno, ukumbi ukiwa umejaa mpaka watu wanachungulia madirishani. Na Kulwa mwenyewe, waliyemwita Solo kwa gitaa la solo alilopiga, alikuwapo, kajikunyata mwisho wa benchi na kikombe ambacho hakukinywa. Alikuja kwa sababu aliona kutokuja kungekuwa sawa na kukiri.

Kwa wiki nzima alikuwa amewatambia hapo hapo. Alikuwa ametoka Kariakoo na mashine ya ifekti, bapa, ya kukanyaga kwa mguu, inayolifanya gitaa moja lilie kama matatu. Bendi ilikuwa na ampli kuukuu ya valvu, ile yenye vioo vinavyowaka ndani kama makaa, na nyuma yake matundu mawili, moja limeandikwa Send, jingine Return. Muuzaji alimwambia mashine ichomekwe humo. Kulwa akarudi akiwa bwana mkubwa. Akamfuata Stefano, mpigaji gitaa la rizimu tangu enzi Kulwa mwenyewe akiwa bado anabeba ngoma za bendi, akamwambia, "Kaka Stefano, mashine itafanya kazi ya magitaa yote. Tumekupunguza." Neno lile lile ambalo Stefano alikuwa ameambiwa na reli mwaka uliotangulia. Stefano alisema tu, "Haya," akalitia gitaa begani, akaenda kwake.

Makarius, karani mstaafu wa reli waliyemwita Sigino kwa taa za ishara za treni, ndiye aliyefungua kikao.

— Tusizunguke mbuyu. Send na Return ni kama njia moja ya reli. Treni ya kwenda na ya kurudi zimeruhusiwa kwa pamoja. Zimekutana kati, zimegongana. Ndiyo maana kimya!

— Treni zikigongana kunakuwa kimya? Wee Sigino! Hiyo reli uliyofanyia kazi wewe ni ya nchi gani?

Huyo alikuwa Jovin, fundi redio, mikono yake ikinuka risasi ya kulehemu hata siku ya Bwana. Wenzake walimwita Fundi Moshi, maana kila redio aliyoishika ilitoa moshi kwanza.

— Haya, sema wewe, Moshi.

— Mimi nasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sasa Kulwa huyu kuku wake kamfunga kamba mbili! Atatembeaje? Halafu someni Kiingereza vizuri. Send ni kutuma. Kila ulichopiga jana, Solo, kimetumwa Japani. Wajapani wamekaa huko na redio kaseti, wanarekodi bure. Mwakani utauziwa muziki wako mwenyewe hapo sokoni.

— Na Return?

— Ndipo wanapotakiwa warudishe. Hawarudishi! Biashara huria hiyo.

Benchi likacheka. Kulwa naye akacheka, kicheko kikavu. Machoni mwake ukumbi ulikuwa bado umejaa. Aliona tena alivyokanyaga mashine kwa madaha, akalipiga gitaa, na pasitoke kitu. Akapiga tena, hola. Mpiga ngoma aliendelea peke yake kwa muda mrefu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu, mpaka mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Kama mmefiwa semeni!"

— Mnasema ovyo, alisema Machibya.

Machibya, Msukuma wa Tindiga waliyemwita Ngosha, mtu wa mpunga na ng'ombe, alikuwa amekuja na baiskeli kuleta gunia la mchele, akalala kwa ndugu ili awahi dansi. Hakuwa ameshika gitaa maishani mwake.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo maana matundu yamewekwa nyuma. Mimi Kiingereza sijui. Mnasema moja kutoka, moja kurudi? Basi ni ng'ombe. Ng'ombe hutoka zizini kwanza, akaenda malishoni, akashiba, ndipo akarudi. Jana ng'ombe wa Solo wametoka wakapotelea huko Mikumi. Simba kala. Sauti iko tumboni mwa simba, na huyo simba akinguruma leo, watalii watacheza.

Wenzake waliangua kicheko hata Hildegarda akamwaga kahawa jikoni. Kulwa peke yake hakucheka. Alikiweka kikombe chini: kosa lake alikuwa ameling'amua.

Zizi lilikuwa ampli. Sauti ya gitaa huingia kwenye ampli, inatokea Send kwenda kwenye mashine, inapambwa, kisha inarudi kupitia Return. Yeye alisoma Send akadhani ndipo mashine inapotuma sauti, kwa hiyo akauchomeka hapo waya wa kutolea wa mashine, na ule wa kuingizia akaupeleka Return. Kutoka kumekabiliana na kutoka, kuingia na kuingia. Hapakuwa na kilichoharibika. Alichomeka kinyume, basi.

Na likamjia la pili, baya kuliko la kwanza. Jana, mbele za watu, angaliweza kuzichomoa waya zile mbili tu, na ampli ikalia kama ilivyolia miaka yote. Wazo hilo lilimpitia pale pale jukwaani. Lakini gitaa kavu, lisilo na mashine, lilitaka gitaa la rizimu la kulisindikiza, na nyumba ya mwenye rizimu ilikuwa nyuma tu ya ukumbi ule ule.

Alifumbua kinywa aseme. Jovin akamtangulia, safari hii kwa sauti ya chini.

— Tuache utani. Mashine mpya, ampli nzima, umeme upo. Nani alikuwa na kinyongo? Mtu kapunguzwa reli, kapunguzwa na bendi. Ningekuwa Mzee Stefano ningekaa hivi hivi tu? Lisemwalo lipo.

— Katia mkono? Machibya aliuliza, macho yamemtoka.

— Mimi sijasema. Muulizeni Solo, mashine ni yake.

Wote wakamgeukia. Kulwa alikuwa na jibu mdomoni, fupi, la kusema mara moja likaisha. Akatazama chini.

— Huenda, alisema.

Machibya aliguna, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepokea habari ya kupeleka kwao.

Haukupita muda, Stefano mwenyewe akatokea upande wa sokoni, kabeba mfuko wa pumba za kuku, shati lake la misa limefungwa vifungo mpaka shingoni.

— Shikamoo, Mzee Stefano, walisema Machibya na Jovin kwa pamoja.

— Marahaba. Makarius, umeamkaje?

— Salama tu, ndugu yangu.

Shikamoo ya Kulwa ilichelewa, ikatoka kama ya mtoto aliyelazimishwa. Stefano aliiitikia. Hakuketi. Aliweka mfuko chini, akapokea kikombe kwa Hildegarda, akanywa, kisha akamtazama Kulwa bila ukali wowote.

— Jana nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu. Niliposikia ngoma inakwenda peke yake, nikajua gitaa limegoma. Nikavaa viatu, gitaa nikaliweka magotini. Nikasema watamtuma mtu sasa hivi. Mbona hamkuniita?

Makarius alijikohoza. Jovin akaona kitu cha kukitazama kwenye kucha zake.

— Nauliza tu, Stefano alisema. Akarudisha kikombe, akajitwika mfuko wake, akashika njia ya relini.

Kulwa aliinuka akamfuata, hajui atasema nini. Akamfikia kwenye kivuko cha reli, akamwomba mzigo, Stefano akampa. Walivuka.

— Kaka, nilijua ungekuja. Ndiyo maana sikukuita; niliona aibu uniokoe wewe niliyekupunguza.

Stefano aliendelea kutembea.

— Na si hilo tu. Pale kijiweni wamesema umetia mkono. Wakaniuliza. Nikasema huenda.

Stefano akasimama.

— Na wewe uliamini?

— Hapana. Nilikuwa nimeshajua kosa ni langu. Nilichomeka waya kinyume.

Mzee alimtazama, usoni hana hasira bali uchovu, ule uchovu aliokuwa nao siku reli ilipomrudisha nyumbani. Akanyoosha mkono, akautwaa mfuko wake.

— Usinibebee mzigo, Kulwa. Miye naishi na watu hawa. Rudi ukawaambie.

Kulwa alirudi mbio. Alikuta Hildegarda anasuuza vikombe kwenye ndoo na jiko likitoa majivu. Benchi lilikuwa tupu.

— Kahawa imekwisha, baba, wameondoka, alisema. Sigino kalala. Fundi kaenda kibandani kwake.

— Na Ngosha?

— Ngosha keshashika njia ya Tindiga na baiskeli yake. Na alivyokuwa na haraka! Kila aliyempita anamsimamisha, anamnong'oneza.

Kulwa aliitazama barabara. Ilikuwa nyeupe kwa jua na haikuwa na mtu. Baiskeli ya mume wa Hildegarda ilikuwa imeegemezwa ukutani, tairi la nyuma halina upepo wa kutosha.

— Dada, niazime hiyo.

— Utafika nayo wapi? Na utamwambia nini?

Kulwa alishika usukani. Aliikokota mpaka barabarani, akaipanda, akaanza kukanyaga kuelekea Tindiga, na kwa kila mtu aliyemkuta njiani alishuka, akavua kofia, akaanza kusema kwamba kosa lilikuwa lake, Stefano hakutia mkono.