Kwani Nyumbani Kwangu Mungu Hakuwepo?

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la vipuri, na birika la kahawa pembeni. Wenye benchi ni watatu. Konda alistaafu ukondakta, ila sauti haikustaafu naye. Waya ni fundi redio, na kwake kila jambo la dunia hii ni masafa. Wa tatu ni Bomba, fundi wa mabomba ya maji, mzee wa kanisa mwaka wa ishirini na mbili huu, mtu wa vicheko. Lakini siku hiyo alinuna, kahawa imempolea mkononi. Mwanawe anayesoma ng'ambo alimletea ujumbe siku nne zilizopita, na baba mtu hajajibu hata neno. Konda akampokonya simu, akausoma kwa sauti ya stendi.

— "Baba, huku nimempata Mungu. Jumapili kanisa linanipokea rasmi. Naomba uwe kwenye simu, useme neno moja." Haa! Si heri hiyo? Mbona sura ya matanga?

— Amempata! Bomba akafoka. Miaka kumi na minane nimemshika mkono hadi kanisani, nimemkalisha mbele kabisa, anasinzia mpaka udenda unamtoka. Leo kakaa ugenini miezi sita tu, ati kampata! Kwani nyumbani kwangu Mungu hakuwepo?

Hapo ndipo palipomwuma, jamani. Akageuza uso, akajifanya anaangalia barabara.

— Ni baridi hiyo, Konda akamtuliza. Kule baridi inakata masikio, na kanisani joto ni la bure. Mtu anaingia kuota moto, anatoka ameokoka. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale hawana jembe, wakampa Biblia.

— Acha hizo, Waya akadakia. Ni masafa. Huku kwetu kila mtu anaomba kwa kipaza sauti, mawimbi yanagongana. Kule wanaomba kimya kimya, laini safi! Dogo kaomba mara moja tu, kajibiwa.

— Kwa hiyo Mungu ana antena? Konda akauliza.

— Tena zote zimeelekezwa kule. Penye miti hapana wajenzi.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Miti ndiyo antena, we vipi?

— Mimi nanusa binti wa kwaya, Konda akasema. Mrefu, wa sauti ya kwanza. Ndiyo dunia, bwana. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Konda hurusha methali bila kuangalia inaangukia wapi. Hii ilimwangukia Bomba kifuani. Akaweka kikombe chini, akasema polepole:

— Upo ujumbe wa pili, sikuwaonyesha. Aliumwa homa, Jumapili moja hakwenda kanisani. Jioni yake akagongewa mlango. Watu wazima watatu, na sufuria ya supu. Wakamwambia, tumeona hukuja. Basi! Mahubiri yangu yote yale, mtoto kageuzwa na supu.

— Ilitiwa kitu, Waya akanong'ona. Supu ya hivi hivi haiokoi mtu.

— Labda hao watatu ni watu wa idara ya uhamiaji, Konda akaongeza. Wanahesabu wanafunzi mlango kwa mlango.

Muda wote huo binti wa chumba cha kushonea ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama na kikombe chake, akingoja kumiminiwa kahawa. Futi ya kupimia nguo ilimning'inia shingoni.

— Shikamoo, mzee, akamwamkia Bomba. Samahani kwa kuingilia mazungumzo.

— Marahaba, mwanangu. Ingilia tu, hapa kila mtu ni mjuzi.

— Mimi nasali kanisani kwenu, mwezi wa tano sasa. Kila Jumapili wewe ndiye unayenipa mkono pale mlangoni. Nilitaka kukuuliza tu, mzee. Mimi naitwa nani?

Bomba akamtazama Konda, Konda akamtazama Waya, Waya akaitazama kahawa. Kanisa lile Bomba analijua kila koki, kila kiungo cha bomba, hata kilichozikwa chini ya sakafu. Jina la huyu binti hakulijua. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

— Sijui, mwanangu, akasema. Kweli sijui.

Kisha akanyoosha mkono, akachukua simu yake kwa Konda, akapiga. Ikaita mara moja tu.

— Baba? Umepiga!

— Nimepiga, mwanangu. Jumapili nitakuwepo, na neno nitasema. Ila usikate. Kuna binti hapa mbele yangu, ngoja kwanza nimwulize jina.