Kabla Tabaka Hazijaachana

Mheshimiwa Mkurugenzi wa maabara yetu, waheshimiwa wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wenzangu wa benchi la majaribio, na wewe mama mkwe uliyekataa kiti cha mbele kwa sababu feni haikifikii: nawasalimu kwa Kitamil chetu, vanakkam.

Mimi Thenmozhi nastaafu leo, na nusu ya maisha yangu nimeitumia kutazama vimiminika viwili vikiachana. Mama mkwe aliwahi kuniuliza, "Hivi wewe huko kazini unafanya nini hasa?" Nikamwambia, "Natikisa chupa, amma, halafu nasubiri." Akanitazama weee. "Kutwa nzima? Mwenzio ningekuwa nimeshatoa siagi."

Ndugu zangu, hajakosea sana. Chini kuna tindikali iliyoyeyusha taka za tanuri la nyuklia, juu yapo mafuta yetu, na katikati ukungu unaopungua taratibu mpaka mtu unasahau kama una miguu. Ndani ya tindikali ile zimo metali ziitwazo aktinidi, ambazo zitabaki hatari kwa maelfu ya miaka, pamoja na lanthanidi zinazofanana nazo kama mapacha waliovishwa sare. Za kwanza tungezirudisha tanurini ziteketee. Za pili zingeufifisha moto huo. Nani awatenganishe mapacha hawa? Ni mafuta yanayomtambua mmoja tu na kumpandisha juu. Hayo ndiyo tuliyoyahangaikia, mimi na msaidizi wangu Ilamaran, na kwa taka za kuigiza, zisizo na mionzi, yamekubali.

Kesho yanajaribiwa kwa taka halisi, nyuma ya kile kioo kinene cha kuzuia mionzi. Na kibali changu cha kuingia kinakwisha leo jioni. Mheshimiwa, nilikuomba siku moja tu, ukasema sheria ni sheria. Sikulaumu, maana nami nimewarudisha wengi mlangoni kwa sheria hiyohiyo. Lakini inaniuma, nisiwadanganye.

Basi nabaki na ombi kwako, Ilamaran mwanangu. Usinipigie kunisomea matokeo. Hayo nitayapata kama watu wengine. Nipigie kwa ile simu ya ukutani mle maabarani mara tu mtakapoacha kutikisa, ukungu ukiwa bado mzito. Usiseme neno. Wewe shika simu yako huko, nami nitashika yangu kibarazani kwangu, tusubiri pamoja.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio.