Arvella Roten, Aliyeimba Vibaya kwa Mshahara na Vizuri kwa Hiari

Marehemu Arvella Sturgill Roten alizaliwa tarehe 9 Machi 1932 huko Lansing, wilaya ya Ashe, Karolina ya Kaskazini, mtoto wa tano wa Mzee Hobart Sturgill na Bi Ocie. Baba yake alikuwa mwalimu wa nyimbo. Alizunguka makanisa ya milimani akifundisha watu kusoma noti, na nyumbani kwake mtoto aliyekosea sauti alirudia wimbo mzima huku chakula kikipoa. Mama yetu Arvella alikuwa akisema alikula maharage ya baridi utoto wake wote.

Alisoma shule ya Lansing, akamaliza mwaka 1950. Mwalimu wake wa darasa la nne alimpanga nyuma kabisa wakati wa kuimba, kwa sababu akiwa mbele wengine hawakusikika.

Tarehe 2 Juni 1951 alifunga ndoa na Clate Roten, mpiga banjo. Walikutana kwenye ngoma ya msimu wa kumenya mahindi. Clate alipiga banjo mbiombio akitarajia sifa, lakini binti yule alimwendea akamuuliza, "Kaka, unakimbizwa na nani?" Clate akapunguza mwendo, na Juni iliyofuata wakaoana. Mungu aliwajalia watoto watatu: Wendell, Marlys, na mimi Dreama ninayesoma wasifu huu.

Mwaka 1957 walihamia Burbank, California, Baba alikopata kazi ya kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha ndege. Jumapili waliimba kanisani pamoja na wenzao waliotoka milimani. Huko ndiko alikowakuta Bwana Lessing, mwongozaji wa televisheni, mwaka 1963. Alikuwa akitafuta watu wa kuimba katika kichekesho kipya kilichoitwa Kijiji cha Pickett. Baba aliwekwa kwenye baraza la nyumba ya kichekesho na banjo yake. Mama alipewa nafasi ya Bi Tansy, yule mwanakwaya ambaye akifungua kinywa mbwa wanakimbia.

Kuimba vibaya kwa namna ya kuchekesha ni kazi ngumu. Lazima ujue sauti sahihi iko wapi ndipo uikose kwa unywele. Mama aliikosa hivyo, na nchi nzima ikacheka. Dukani wauzaji walimwomba asiimbe, maziwa yasije yakaganda, naye alicheka pamoja nao. Shuleni tulitaniwa kila siku.

Asiyecheka alikuwa Babu Hobart. Alikwenda kupiga simu dukani Lansing, jambo ambalo hakulipenda, akamwambia, "Vella, mimi maisha yangu yote nafundisha watu kuimba. Wewe unalipwa kuharibu? Hao hawamcheki Tansy, mwanangu. Wanatucheka sisi."

Mama alikata simu, akapika, akala na sisi.

Mwaka 1965 ulifika mkanda mmoja wa kichekesho hicho ambamo familia ya Pickett inakaa barazani baada ya mlo wa jioni na kuimba wimbo wa kanisani. Bi Tansy alitakiwa auharibu, kisha kicheko kilichorekodiwa kimwagwe juu yake. Mama aliposoma ni wimbo gani, alikwenda kwa Bwana Lessing mbele ya watu wote.

"Nyimbo za mchezo nitaziharibu mpaka mchoke," alimwambia. "Huu ndio tuliomzikia mama yangu. Nitauimba ulivyo, ama mtafute Tansy mwingine."

Bwana Lessing alijaribu kumweleza kwa upole kwamba watazamaji watachanganyikiwa, kwa kuwa wamezoea Tansy hajui kuimba. Baba akalaza banjo sakafuni. Mpiga fidla naye akarudisha fidla kwenye mkoba wake. Baba alituambia baadaye kwamba wakati ule alikuwa anawaza kodi ya nyumba.

Hatimaye Bwana Lessing alikubali waimbe mara moja tu, akisema asipoupenda ataukata. Waliimba beti zote. Mafundi wa taa walivua kofia. Bwana Lessing akaagiza kicheko kisiwekwe.

Babu aliutazama kwa jirani, maana yeye hakuwa na televisheni. Akapiga simu tena. "Ubeti wa pili ulivuta pumzi mahali pabaya," akasema. Halafu akabaki kwenye simu bila kuongea, na Mama naye hakuikata, mpaka mwenye duka akamwomba Babu ampishe mteja.

Kuanzia hapo kila mkanda uliishia barazani kwa wimbo mmoja ulioimbwa sawasawa. Kwetu Ashe watu walisema waliketi kungojea mwisho ule, kwa sababu ndipo walipojiona wenyewe.

Mwaka 1971 kipindi kilisimamishwa, na mwaka uliofuata familia ikarudi Lansing. Mama alifundisha nyimbo kanisani hapa kwa zaidi ya miaka thelathini. Wageni waliokuja kumwomba aimbe kama Tansy aliwakubalia, mradi wamsaidie kumenya matufaha kwanza.

Baba alitutoka mwaka 2006. Mwaka 2013 Mama alipata kiharusi kilichomnyang'anya maneno lakini kikamwachia nyimbo. Hakuweza kusema "kahawa", ila aliweza kuiimba, na asubuhi tuliamshwa na ombi la kahawa kwa sauti ya kanisani. Wauguzi walijifunza kumjibu kwa kuimba, naye aliwasahihisha kwa kidole. Alifariki kwa utulivu nyumbani kwake tarehe 14 Oktoba 2014, akiwa na umri wa miaka 82.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, vitukuu wanne na mdogo wake Bi Retha, aliyeketi hapa mbele.

Kabla ya kuugua aliagiza kwamba kaburini pasiwe na mwimbaji wa kukodi wala kanda, na kwamba mtu asinyamaze kwa kisingizio cha sauti mbaya. Basi tusimame. Bi Retha atatupa sauti ya kuanzia. Mungu amlaze mama yetu mahali pema, na sisi tuimbe.