Watatu, Neno Moja

Khisa: Haloo? Waithera?

Waithera: Nani mwenzangu?

Khisa: Mimi Khisa bana, niko Bungoma. Hii ni simu ya jirani, yangu— [mikwaruzo] —imezima.

Waithera: Ee. Habari ya huko?

Khisa: Mzuri tu. Kitale mvua imewafikia?

Waithera: Imefika. Sema, Khisa.

Khisa: Si ile mashine yetu ya kutambua magonjwa ya mahindi kwa picha. Nikiipa picha za mashamba ya Kabuchai, inasema mahindi yote yanaugua, hata mazima. Na mchana naingia mbele ya wafadhili.

Waithera: Unaingia.

Khisa: Tu— tunaingia.

Waithera: Jina langu ulilitoa lini kwenye karatasi za mradi?

Khisa: Nani amekuambia?

Waithera: Nimeliona halipo. Nikapigia wenzetu wa mradi: Fridah, halafu Absalom, halafu Emmy. Kila mtu kivyake.

Khisa: Na si wamekuambia—

Waithera: Ati “Waithera alichoka, akatuachia kazi katikati.” Wote watatu. Neno kwa neno.

Khisa: Sasa kama watu watatu wanakubaliana—

Waithera: Ngoja. Wale waamuzi watatu ndani ya mashine, kwa nini kila mmoja tulimwonyesha kitu tofauti? Huyu rangi ya jani, yule madoa, yule ukingo?

Khisa: Ndio wasiigane.

Waithera: Ndio picha ambayo hakuna mtu ameitambua, wakikubaliana juu yake, tuwaamini, tuifundishie mashine. Sasa hawa watu wako watatu wamefundishwa na mdomo mmoja. Mdomo wako.

Khisa: Si hivyo, wafadhili walitaka jina la mtu mmoja— [mikwaruzo]

Waithera: Picha za kwanza, zile mashine ilianzia, nani alizitambua? Nani alizunguka mashamba kwa matope akisema hili jani lina ugonjwa wa kutu, hili ni zima?

Khisa: Ni wewe.

Waithera: Utawaambia hivyo mchana?

Khisa: Si— tuone kwanza hii mashine.

Waithera: Haya.

Khisa: Usikate. Nisaidie na hii ya Kabuchai kwanza, hiyo ingine tutaongea pole pole. Haki.

Waithera: Unajua kinachoniuma? Ungenipigia useme, dadangu, niachie hii, nina shida. Ningekuachia. Yote, Khisa.

Khisa: Basi hata saa hii—

Waithera: Saa hii huombi. Ulishachukua.

Khisa: Waithera, kredo ya simu ya watu inaisha. Niambie tu, ni rangi inaharibu ama ni mado—

[Simu inakatika.]