Sauti Aliyoijua Everett Lindahl

Ndugu waombolezaji, mimi ni Hulda, dada yake marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu aliyestahili kusimama amekataa kuja.

Kaka yangu Everett Lindahl alizaliwa tarehe 4 Machi 1898 huko Troy, mji wa viwanda kaskazini mwa New York, mtoto wa kwanza wa mzee Nils, fundi wa kiwanda cha kola za mashati, akasoma hapo hapo hadi mwaka 1915, kisha akaja New York akaajiriwa gazetini, ambako kwa miaka zaidi ya thelathini alihakiki michezo ya kuigiza kwa kalamu yenye pilipili. Tarehe 12 Juni 1924 alifunga ndoa na Cora Haskins, wakajaliwa binti mmoja, Margit, na Cora akatutoka mwaka 1947.

Mwaka 1950 Margit alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, na baba yake, asije akaambiwa anapendelea wa kwake, akaandika kwamba sauti ya binti huyo haifiki safu ya tatu ya viti, naye Margit akaacha kuigiza, akahamia Ohio kufundisha wazee kuogelea, wasisemezane miaka tisa.

Wengi wenu mlimjua katika jopo la kipindi cha televisheni cha "Mgeni wa Jumapili", na tai yake ya kipepeo, akibahatisha kazi za watu kwa maswali ya ndiyo na hapana. Tarehe 15 Novemba 1959 wakubwa wa kipindi, wasiojua ugomvi ule, walimwalika Margit kwa siri, naye akakubali, naamini alitaka yaishe, wanajopo wakafungwa vitambaa machoni, naye Margit akawa anajibu kwa sauti ya kubana pua. Everett alimtambua kwenye hapana ya pili. Sheria yao ni kwamba anayemtambua mgeni hujitoa, lakini kaka yangu hakujitoa, akaendelea na maswali ya kipuuzi, kama anafuga nyuki, kama anavisha farasi viatu, ili tu azidi kumsikia, watu wakavunjika mbavu, hadi hapana ya kumi, ambapo mchezo huisha. Vitambaa vikafunguliwa, mtangazaji akamuuliza kama kweli hakuitambua sauti ya mwanawe, na mwaka ule michezo mingine ya maswali kwenye televisheni ilikuwa imeanikwa kwa udanganyifu, watu wamepoteza kazi, basi kaka akaogopa kuitwa mdanganyifu, akasema mbele ya nchi nzima, "Sikuijua hata kidogo." Margit akawapa wanajopo wote mkono, ilivyo desturi, na baba yake pia, akaondoka.

Wiki hiyo kaka alinieleza kweli, akaniapisha nisiitoe, nami mjinga nikatii. Barua zake kwa Margit zilirudi hazijafunguliwa. Machi 1964 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, akaondolewa kikoromeo, sauti ikapotea, simu nayo ikawa haimfai tena, na akafariki hospitalini tarehe 9 Februari 1966.

Juzi nilimpigia Margit nikamwambia yote, akasema, "Shangazi, haya mmeyakalia miaka sita," akakata simu. Sina la kujitetea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ghorofa ya nne waliomletea mchuzi laini kila siku, na wanajopo wenzake waliokaa naye bila kumlazimisha kuandika majibu.

Kaka, lala salama, hakuna atakayekuuliza tena.