Kuni za Msiba Usiokuwepo

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Na wale ambao kwenu ni "Bwana asifiwe", pokeeni pia. Siku ya ushuhuda hatubaguani.

Nilikuwa naogopa. Naanza na hilo kwa sababu nililikana kwa muda mrefu, tena kwa Kiswahili sanifu. Watu waliponiuliza habari za mume wangu, Baba Upendo, nilijibu, "Yuko semina." Ndugu zangu, mahindi yalipandwa akiwa semina, yakapaliliwa akiwa semina, yakaanza kuchanua naye bado yuko semina! Sijui serikali gani ingeweza kugharimia chai ya semina ile.

Ukweli ni huu. Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine. Shirika alilofanyia kazi mume wangu hapa Songea lilipata mwenyewe mpya, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikaa nyumbani akipiga pasi mashati ya ofisini ambayo hakuwa tena na mahali pa kuyavaa. Kisha akasikia habari za vito vya Tunduru, akapanda basi. Alituma salamu mara moja. Halafu mvua zikakolea, barabara ikawa matope, na salamu zikakoma. Mjini zikaanza kufika habari za mashimo yaliyoporomoka na watu wakiwa ndani. Majina hayakuletwa.

Nikaanza kuishi kama mtu aliye chini ya maji. Kule Matogoro tunakokaa, ukungu hushuka asubuhi kutoka mlimani ukaingia hadi jikoni. Mimi nilitembea ndani ya ukungu huo hata mchana, jua likiwaka. Darasani chaki iliandika, sauti ilitoka, mwenyewe sikuwapo. Nikifumba macho kidogo tu, namwona Baba Upendo anakuja kwa njia ya juu, viatu mkononi, udongo mwekundu hadi magotini, na kila akikaribia mlango njia inarefuka. Mtu mwenye shahada haoti ndoto za namna hiyo, nilijiambia. Huo ni uchovu wa kazi.

Na kila asubuhi nilisoma Injili ya siku. Msinipigie makofi! Niliisoma kama ninavyosahihisha insha, kalamu mkononi, nikitafuta palipokosewa.

Jumuiya yetu, majirani tunaokutana kila Ijumaa kusoma Neno, ina sheria moja: ukishirikisha Neno, unaanza na "mimi". Huruhusiwi kuhubiri. Sheria hiyo niliivunja kila Ijumaa kwa kuanza na "wataalamu wanasema". Ijumaa moja jioni ikasomwa habari ya wanafunzi katika mashua: dhoruba imepanda, Bwana amelala, wanamwamsha, anautuliza upepo, kisha anawauliza kwa nini wanaogopa. Zamu yangu ilipofika nikaeleza jinsi upepo unavyoteremka milimani ukalipiga ziwa, nikalinganisha na Ziwa Nyasa. Nilijiona napendeza sana.

"Mwalimu," akanikatiza Mama Haule, mwenyekiti wetu, muuguzi mstaafu ambaye sauti yake bado inaamsha wodi nzima. "Huo upepo ni wa wale. Wewe je?"

"Sisi waamini wa leo..."

"Nimesema wewe."

Mzee Komba akacheka. "Leo Mwalimu kapewa swali lisilo kwenye silabasi."

Nikafungua mdomo niseme "mimi". Badala ya neno kikatoka kilio, nacho hakikutaka kukoma. Wakanisindikiza hadi nyumbani, njia nzima nikilia.

Hapo ndipo jumuiya ilipokosea. Kwetu mke hamlilii hivyo mume aliye semina. Na kumbe wote walijua kwamba yuko Tunduru. Alipandia basi stendi, mchana kweupe! Basi wakatawanyika, kila mmoja akiamini kwamba habari mbaya imefika, na kwamba mfiwa hasumbuliwi kwa maswali.

Asubuhi nilifungua mlango, ukungu umetanda. Ndani yake wakaanza kutokea wanawake, mmoja mmoja, bila sauti, kuni kichwani, mabeseni ya unga, kanga zimefungwa kiunoni. Nyuma yao wanaume na mabenchi ya kanisani. Nilidhani bado naota. Mama Haule akanikumbatia, akaangua kilio, akimtaja mume wangu.

Ndugu zangu! Kile nilichokikimbia muda wote huo kilikuwa uani kwangu, na kimekuja na kuni zake. Nikakitazama. Ndipo neno lilipotoka.

"Mimi naogopa! Hajafa. Yaani, sijui. Sijui alipo, sijui kama yu hai, na naogopa!"

Kilio kikakatika. Mzee Komba alikuwa bado ameshika ncha ya benchi. "Sasa hili tulikalie au tulirudishe?"

"Likalie," alisema Mama Haule akifuta machozi. "Mwenzetu anaogopa, unataka msiba gani tena? Wekeni maji jikoni."

Wakabaki. Wakapika, wakasali, wakaisoma tena ile Injili, na safari hii hakuna aliyeieleza. Nikalala kwenye mkeka katikati yao, sauti zao zikininyeshea kama mvua ya mbali, nikalala kama sijawahi. Nilipoamka, woga ulikuwapo bado, ila umeshuka kutoka kifuani mwangu, umekaa pembeni kama mgeni mwingine. Lieleweni hilo: nilifunguliwa kabla ya kupata habari yoyote! Bwana alikuwa amekaa nasi katika mashua, na dhoruba ilikuwa bado inavuma.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wanajumuiya. Nawe unayesoma Neno kila siku, kalamu mkononi, nakusihi: iweke chini. Liache Neno likuulize, na ujibu kwa "mimi". Mwamini Bwana! Haogopi sauti yako ikitetemeka.

Siku chache baada ya asubuhi ile ya mabenchi, mkuu wa shule akaniita ofisini: simu, kutoka Tunduru. Kumbe lori lililopita kwetu asubuhi ile lilibeba habari pamoja na magunia, likazifikisha hadi machimboni.

"Mama Upendo?" Sauti ilikuwa ya mume wangu, nyembamba, inatoka mbali. "Nimesikia kwangu kuna msiba. Watu wamebeba mabenchi. Niambie tu. Ni mtoto?"

"Watoto wazima."

"Nani basi?"

"Wewe."

Nikamweleza yote yaliyotokea, laini ikikwaruza.

"Sijapata kitu huku," akasema mwishowe. "Hata jiwe moja. Niliona aibu. Ningerudi na nini mkononi?"

"Mkono wenyewe unatosha," nikasema. "Panda basi."